Noeli kwenye kisiwa cha Idjwi: jile inaingia kwanza katika mufuko

Bukavu, Desemba 2024 – Katika nyumba moja ya komine ya Kadutu, safari ya Noeli inatayarishwa juu ya kitanda. Mama wa nyumba ile ni mwalimu wa shule ya musingi. Kila mwisho wa mwaka, masomo yakifungwa, anavuka ziwa Kivu pamoja na watoto wake watatu kwenda kukaa karibu majuma mawili kwa mama mukwe wake, upande wa kusini wa kisiwa cha Idjwi. Mwaka jana, vitu vya kwanza alivyopanga kitandani vilikuwa nguo za sikukuu na viatu vya watoto. Mwaka huu ni jile ine za kuokoa maisha, zenye rangi ya machungwa: moja yake na tatu za watoto. Nguo za sikukuu hazikununuliwa.

Alifanya hesabu na kuona kwamba makuta hayatoshi kwa vyote viwili. Binti yake mukubwa, mwenye miaka 12, alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaanza kutembea nyumbani akiwa amevaa jile na kujiangalia katika kioo.

Sababu ya uamuzi ule, kila mutu wa Bukavu na wa Goma anaijua. Tarehe 3 Oktoba, boti Merdi, iliyotoka Minova katika teritware ya Kalehe, ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma. Ilikuwa muchana, na boti ilikuwa karibu kufika. Watu waliosimama kando ya maji waliiona inalala upande, kiisha inapotea. Gavana wa Kivu ya Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema siku ile kwamba watu 278 walikuwa ndani na kwamba angalau 78 walikufa. Hesabu zingine zilizotolewa nyuma hazikupatana na hiyo. Hakuna aliyekuwa na liste ya kweli ya watu walioingia.

Boti ile ilijaa kupita kiasi, na vita ilisaidia kuijaza. Tangu mwanzo wa mwaka huu, mapigano kati ya jeshi na M23 yalikata barabara kati ya Goma na Minova. Watu, maharagi, mihogo na mbuzi, vyote vikahamia kwenye maji. Lakini ajali za namna hii zilianza mbele ya vita hii. Mwezi wa 4 mwaka 2019, boti ingine ilizama upande wa Kalehe na watu zaidi ya mia moja walipotea. Raisi Félix Tshisekedi alikuja mwenyewe kando ya ziwa, na tangu wakati ule kuvaa jile katika boti kukawa lazima. Ni miaka mitano imepita. Mutu yeyote anayesafiri ziwani anajua namna lazima ile inavyofuatwa: jile zikiwa ndani, mara nyingi ziko zimefungwa pamoja na kamba chini ya paa, ao abiria wanazikalia juu ya mbao ngumu.

Kisiwa chenyewe

Pamoja na hayo, watu wanaenda. Na mutu aliyefika Idjwi anaelewa sababu.

Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa Kivu, na katika Afrika yote, kati ya visiwa vilivyo ndani ya maziwa, ni Ukerewe tu ya Tanzania inayokipita. Ni teritware nzima ya Kivu ya Kusini, yenye sheferi mbili: Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Makao makubwa ya teritware ni Bugarula. Wengi wa wakaaji ni Bahavu, na kuna pia Bambuti ambao waliishi katika musitu wa kisiwa mbele ya wengine wote. Watu wanaishi kwa kulima na kuvua: ndizi, mihogo, maharagi, kahawa, na yale mananasi ambayo Bukavu na Goma wanayajua kwa harufu mbele ya kuyaona. Magari ni machache sana. Mutu anatembea kwa miguu, ao kwa pikipiki, ao kwa mutumbwi.

Zaidi ya yote, kwa miaka mingi ambapo vikundi vya silaha vilipita karibu katika kila kilima cha Kivu, Idjwi ilibaki mahali ambapo usiku mutu anasikia vyura na wavuvi, hasikii bunduki. Wavuvi wa sambaza wanatoka jioni na taa zao, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja, na wanaimba wakipiga kasia. Kwa mutoto wa Kadutu ao wa Majengo, kulala bila kushituka ni vakansi kamili, hata kama hakuna umeme wala televizyo.

Kwa hiyo ulizo la mama mwalimu haliko kama anaenda ao haendi. Ni kujua anabeba nini, na zaidi, anaacha nini.

Jile inayofaa na jile ya kudanganya

Si kila kitu cha rangi ya machungwa kinachookoa. Katika masoko yetu kuna jile zilizoshonwa na povu jepesi ambalo linakunywa maji kama kitambaa cha kuosha vyombo. Kiisha nusu saa ziwani, ile jile inakuwa muzigo. Njia nyepesi ya kujua ni kuijaribu mbele ya siku ya safari: kuitia katika beseni kubwa ao kando ya ziwa mahali pasipo na urefu, kuweka jiwe ao kitu kizito juu, na kuiacha muda murefu. Ikitoka ikiwa nzito na maji yanatiririka ndani, heri kuirudisha kwa muuzaji.

Jile zilizotengenezwa vizuri zina karatasi ao maandishi ndani. Mutu atafute namba. Namba 50 inaonyesha jile ya kumusaidia mutu anayejua kuogelea na aliye karibu na wa kumuokoa. Namba 100 ao zaidi ni ya mutu asiyejua kuogelea: imetengenezwa ili kugeuza uso uangalie juu. Pale pale panaandikwa kilo za mutu anayeweza kuivaa. Kwa kuwa abiria wengi wa ziwa Kivu hawajui kuogelea, na wamama karibu wote huingia katika boti na kikwembe kinachofunga miguu, namba 50 haitoshi.

Kwa watoto ndipo makosa ni mengi. Mutoto wa miaka mitano akivalishwa jile ya mutu mukubwa, akianguka katika maji jile inapanda, yeye anashuka. Inabaki ikielea bila yeye. Jile ya mutoto inapaswa kubana mwili na kuwa na mukanda unaopita katikati ya miguu. Ili kuijaribu, mutoto anavaa, mukubwa anaishika kwenye mabega na kuivuta juu. Masikio ya mutoto yakipotea ndani ya jile, ni kubwa kwake. Mama mwalimu alifanya hivyo katika duka mbele ya muuzaji, mara tatu, na alirudisha mbili. Muuzaji hakufurahi.

Kitoto cha mwezi moja ao miwili hakina jile hapa kwetu. Hapo shauri ni gumu lakini ni la kweli: safari hiyo inaweza kungoja. Na mutoto aliyefungwa mugongoni, mama akivaa jile juu yake, amefungiwa ndani. Katika boti, mutoto anashikwa mbele, kikwembe kikiwa kimefunguliwa.

Kiisha kununua, kuna kuvaa. Jile inavaliwa kando ya maji mbele ya kupanda, mikanda yote inafungwa, na haitoki mupaka mutu akanyage udongo wa upande wa pili. Mwaka huu tumeona ya kwamba kufika karibu na bandari haiko kufika. Ndiyo wakati abiria wote wanasimama, wanatafuta mizigo yao na kukimbilia upande moja, na boti iliyojaa haiwezi kuvumilia kitu kama hicho.

Kila kilo inaingia katika boti ileile

Watu wanalaumu wenye boti, na wana haki. Mwenye boti anayeendelea kuita "Mama, ingia, nafasi iko!" wakati maji yamebakiza kiganja kimoja kufika kwenye ukingo, anauza maisha ya watu. Wanalaumu pia wakubwa wa bandari wanaoangalia pembeni. Lakini mwezi wa 12 kuna jambo lingine ambalo hatupendi kusikia: nusu ya uzito ule tunauleta sisi wenyewe kichwani.

Kwetu mutu haendi kwa wakwe mikono mitupu. Mwaka jana, mama mwalimu alivuka na gunia la unga, kilo kumi za muchele, sukari, chumvi, mafuta, keresi mbili za vinywaji, godoro dogo, sufuria, na valizi mbili za nguo. Alikuwa na watoto watatu. Katika boti ile karibu kila familia ilifanya vilevile. Hesabu haihitaji diplome: familia makumi mbili, kila moja ikileta kilo mia ya zawadi, ni tani mbili juu ya watu. Mizigo ile haikai chini ambako ingesaidia boti kutulia. Inapangwa juu, juu ya paa na mbele, kwa sababu chini watu wameisha kujaa. Boti yenye uzito juu inageuka upesi, hata na upepo kidogo.

Mwaka huu alimupigia simu mama mukwe wake mbele ya kununua chochote.

– Mama, safari hii tutakuja na sukari kidogo tu na sabuni. Boti zinatuogopesha.

– Binti yangu, ulete watoto. Sukari inauzwa hata huku.

Aliogopa maneno ya shemeji zake kuliko maneno ya muzee, na pengine maneno yatakuwepo. Lakini muzee alisema kweli. Katika masoko ya kisiwa, kama lile la Kihumba, kuna chumvi, sabuni, mafuta, unga, betri. Beyi inapanda kidogo juu ya safari ya ziwa. Ni afazali kulipa ile tofauti kule kuliko kupakia gunia hapa. Wengine wanatuma makuta kwa simu siku moja mbele, M-Pesa ao Airtel Money, ili vitu vinunuliwe pale pale. Na kuna vitu ambavyo ni kichekesho kuvipeleka Idjwi: ndizi, mihogo, mananasi, samaki. Tumeona watu wakifanya hivyo.

Zawadi nyepesi zinazofurahisha hazikosi: dawa za maumivu za wazee kama munganga alizipendekeza, miwani ya kusoma, vitabu na bik za watoto wa shemeji, kitenge, majani ya chai, taa ndogo ya jua. Taa ya jua, kule, ni zawadi ya mufalme.

Hili la uzito linahusu pia kurudi. Mutu hatoki Idjwi bila gunia la mananasi. Safari ya mwezi wa kwanza, wakati kila mutu anakimbilia kufika mbele masomo yafunguliwe, boti zinakuwa nzito kuliko za kwenda. Mananasi yanaweza kuja juma linalofuata na boti ya mizigo. Watoto hawawezi.

Vitu vingine vya mufuko

Mufuko moja wa mugongo kwa kila mutu mukubwa, na mufuko moja wa watoto wote. Hakuna valizi ya magurudumu. Kule hakuna mahali pa kuivuta. Ndani, kila kitu kinafungwa katika plastiki, kwa sababu mawimbi yanaingia hata siku njema, na kushuka mara nyingi ni kupitisha miguu ndani ya maji. Plastiki hiyo inarudi nyumbani pamoja na mwenyewe. Ziwa halina mutu wa kulifagia.

Baridi inashangaza watu. Neno "kisiwa" linawapa picha za joto na muchanga, lakini ziwa Kivu liko kwenye urefu wa karibu metre 1.460 juu ya bahari. Saa kumi na mbili asubui, ndani ya boti, upepo unapita katika mashati kama hakuna kitu. Triko moja kwa kila mutoto, na kofia ya kufunika masikio. Muchana ni kinyume: jua la ikweta pamoja na kioo cha maji linachoma ngozi hata kama mawingu yako. Kofia pana na shati la mikono mirefu vinatosha. Mwezi wa 12 mvua bado iko, basi inafaa koti la mvua. Mwavuli katika boti unafungua macho ya jirani.

Chandarua ni lazima. Malaria iko kisiwani, na kwa wakwe chandarua za nyumba zinahesabiwa kwa vitanda vya nyumba, hazihesabiwi kwa wageni wanne. Chandarua iliyokunjwa vizuri haipiti uzito wa kitenge.

Shuka na taulo, kila mutu yake. Mwaka mwingine ingeonekana kama majivuno. Lakini tarehe 14 Agosti 2024, Shirika la Afya Ulimwenguni OMS lilitangaza mpox kuwa hatari ya afya kwa dunia nzima, na Kivu ya Kusini ilikuwa kati ya majimbo yaliyopata wagonjwa wengi. Ugonjwa huo unapita kwa kugusana ngozi na kwa matandiko ya mugonjwa. Mutoto mwenye vipele na homa anabaki nyumbani, hata kama tiketi imelipwa. Na akianza kuugua kule, kisiwa kina vituo vya afya, na hospitali kubwa ya Monvu iko upande wa kusini. Inafaa kuuliza wenyeji siku ya kwanza kituo cha karibu kiko wapi, mbele ya kukihitaji usiku.

Maji ya ziwa yanaonekana safi kiasi cha kumudanganya mutu. Kipindupindu ni ugonjwa wa kila mwaka kandokando ya ziwa Kivu. Vidonge vya kusafisha maji vinauzwa katika farmasi na havina uzito wowote; mutu afuate kiasi kilichoandikwa juu ya paketi. Ao maji yachemushwe. Paketi tatu ine za SRO za kuchanganya na maji safi, kwa mutoto mwenye kuharisha, zinaweza kubadilisha usiku mubaya kuwa usiku wa kuchoka tu. Dawa za mutu mwenye shinikizo la damu ao sukari zihesabiwe kwa siku za safari na siku tano juu yake, kwa sababu ziwa linaweza kukataa kurudi siku iliyopangwa. Na zisiwekwe katika muzigo wa kupakia. Zikae mwilini mwa mwenyewe.

Makuta: franka, tena noti ndogondogo. Mutu wa pikipiki ao mama wa sambaza hatakuwa na chenji ya dola 20. Dola iliyopasuka, hata ukingoni kidogo, kila mutu wa Kongo anajua mwisho wake: inarudi na wewe. Simu zinashika mahali pamoja na kupotea mahali pengine, basi mutu asitegemee kutoa makuta kwa simu siku anayoyahitaji. Simu yenyewe iingizwe katika sashe mbili zilizofungwa kabisa, na batri ya kuongeza moto ijazwe Bukavu.

Karti ya uchaguzi, inayotumika kwetu kama karti ya utambulisho, na fotokopi ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Fotokopi inatosha. Karatasi za kweli zibaki nyumbani.

Kuoga ziwani

Watoto watataka kuingia katika maji tangu saa ya kwanza, na maji yanapendeza: hayana baridi kali, na ziwa Kivu halina mamba wala kiboko. Ndiyo sababu wazazi wanalegea. Lakini ni ziwa lililozaliwa katika ufa wa udongo, na mahali pa chini kabisa panapita metre 450. Mahali pengi kando ya kisiwa, hatua tatu maji yako kwenye magoti, hatua ya ine hakuna kitu chini ya miguu. Jile ya boti inaweza kutumika pia hapo. Hakuna haya kuogelea na jile. Mutoto anajifunza upesi zaidi akijua kwamba hatazama. Watoto wa kisiwa wataonyesha mahali pazuri, lakini wao wamezaliwa katika maji hayo, basi mutu mukubwa anakaa pale.

Kwa wale watakaopitia upande wa Goma na kutaka kuoga kule, kuna hatari ingine ambayo wenyeji wanaiita mazuku: hewa nzito isiyo na harufu inayotoka ndani ya udongo wa volkano na kukaa katika mabonde madogo kando ya ziwa, zaidi asubui na mapema. Mutu anayeshuka humo kuchukua mupira ao kulala anaweza asiinuke. Pale ambapo wakaaji wanasema hapana, ni hapana.

Siku yenyewe

Wazee wa ziwa husafiri asubui. Kiisha saa sita, upepo unaamuka, na katika musimu wa mvua zoruba inaweza kutoka nyuma ya milima kwa dakika chache. Boti ya alasiri yenye beyi nafuu ni beyi ya nini?

Mbele ya kupanda, mama mwalimu ana mambo matatu anayoangalia, na alijifunza hayo kwa bwana yake aliyekulia Idjwi na ambaye mwaka huu anabaki Bukavu juu ya kazi. Anaangalia ukingo wa boti: kama kati yake na maji hakuna urefu wa mukono kutoka kiganja hadi kiko, hapandi. Anaangalia mizigo iko juu ao chini. Na anauliza nani anaandika majina. Kama hakuna anayeandika, yeye mwenyewe anatuma kwa bwana yake, kwa simu, jina la boti, saa ya kutoka, na majina ya watoto pamoja na rangi za nguo walizovaa. Ujumbe huo wa mwisho ni mugumu kuuandika. Mwezi wa 10, familia nyingi kule Kituku zilikosa hata hiyo habari ndogo.

Kwenye Idjwi hakuna anayehitaji kuelezwa haya. Kwa miaka mingi wanaume wa kisiwa walivusha kahawa usiku kwenda Rwanda katika mitumbwi midogo, kwa kutafuta beyi nzuri, na wengi hawakurudi. Wajane wao wanaishi hadi leo katika vijiji ambako wageni wa Noeli wanakuja kula mananasi. Mutoto wa muji akishuka kutoka boti na jile mwilini, kule hawamucheki.

Jioni ya siku ya tano, mufuko mukubwa ulipojaa, mama mwalimu aliubeba mupaka kwa muuza maharagi wa kona na kumuomba mizani. Kilo 31. Alirudi nyumbani akatoa sufuria, viatu viwili, pasi ya makaa, na nusu ya sabuni. Akarudi kupima: 22. Akatoa tena kitenge kimoja kati ya viwili, akakirudisha, akatoa keki aliyoioka kwa ajili ya shemeji, akaikata pale pale na kuwagawia watoto wa muuza maharagi.

Wanaondoka siku ya posho asubui. Kama boti ya kwanza imejaa, amewaambia watoto, watarudi nyumbani wakunywe chai na kungoja ya siku ya yenga. Mutoto wa mwisho, mwenye miaka mitano, aliuliza kama anaweza kulala na jile yake. Alikubaliwa.